Samaki Niliowaandika Bila Kuwaona

Masimba, Jumapili alasiri

Kwamboka, mwanangu uliyebeba jina la mama yangu,

Umetoka hapa baada ya kanisa kwenda Birongo kuwaaga shangazi zako, na najua hawatakuachilia kabla hujala. Kwa hiyo nina saa mbili tatu. Duka nimelifunga, mvua imeanza kupiga bati, na mama yako yuko jikoni akikukaangia karanga za safari. Mambo ya sweta, ya tiketi ya gari moshi, na ya nani atakupokea ukifika Mombasa, ameshakwambia mara tatu na kesho atakwambia ya nne. Huko sina la kuongeza.

Mimi nataka kukueleza jambo moja ambalo nilipaswa kukueleza mwezi uliopita, siku uliporudi kutoka kwenye usaili wa kazi ya utafiti wa samaki Nairobi. Uliingia dukani ukiwa bado umevaa viatu vya mama yako, ukasema, “Baba! Yule mkubwa wao, Bwana Mwakio, anakujua! Aliposoma jina langu aliniuliza kama mimi ni mtoto wa Nyakundi aliyekuwa akipima samaki kule ziwani.”

Nikakuuliza ulimjibu nini.

“Nilimwambia ndiyo. Nikamwambia uliacha kazi kwa sababu ya malaria.”

“Naye akasema nini?”

“Aliinama tu akaandika, halafu akaniuliza swali jingine.”

Ulikuwa na furaha kiasi kwamba hukumwona mama yako mlangoni alivyoiweka sufuria chini. Ulipotoka kwenda kuwapa majirani habari, alinigeukia. “Nyakundi,” akasema, “mtoto amekwenda kusema uongo wako mbele ya mtu anayeujua ukweli.”

Wewe ulipata kazi, tukashukuru Mungu, tukachinja kuku, na mimi nikaendelea kunyamaza. Lakini kesho kutwa utaanza kazi chini ya mtu yule. Sitaki siku moja aniseme, au anyamaze kwa namna fulani, nawe ubaki unajiuliza. Sikuacha kazi kwa sababu ya malaria. Nilifukuzwa, na nilistahili.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana najua utataka kujua mtu wa Birongo alifikaje kwenye samaki.

Kwetu samaki hatukuwajua. Tulikula wimbi, mboga za chinsaga, na maziwa yakiwapo. Samaki mkubwa wa kwanza nilimwona soko la Kisii nikiwa darasa la tano. Mama mmoja wa kutoka ziwani alikuwa ameweka kikapu chini, anampasua samaki mmoja kwa ajili ya mteja, na ndani ya tumbo yakatoka mayai, mengi, ya rangi ya uji wa wimbi. Nilisimama pale mpaka baba yangu akaniita mara mbili. Nikamuuliza yule mama, “Hawa wanataga wapi?”

Akacheka. “Huyu ni ningu. Mvua kubwa ikinyesha, anapanda mto.”

“Mto gani?”

“Huu wenu! Kwani mnadhani maji yenu yanakwenda wapi?”

Mwanangu, sikulala vizuri wiki nzima. Sisi tunaita Gucha, Wajaluo wanaita Kuja, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba ni maji yaleyale yanayopita chini ya shamba letu na kuishia kwenye ziwa lenye samaki wa namna ile. Masika ilipofika nilikwenda kukaa kando ya kijito chetu kila nikitoka shule, na kikapu cha mama, nikiwangojea. Niliokota kaa. Mwaka uliofuata nikaenda tena, nikaokota kaa tena. Nilikuwa mtu mzima, tayari nimeajiriwa, ndipo nikaonyeshwa maporomoko ya maji yaliyoko kule chini, marefu, ambayo ningu hawezi kuyaruka. Nilicheka peke yangu mpaka dereva akadhani nina wazimu. Swali langu lilikuwa zuri. Nilikuwa nimekaa tu mahali pasipokuwa na jibu.

Kazi niliipata miaka mitatu kabla ya uhuru. Kituo cha samaki cha Serikali kule ziwani kilitaka vijana waliomaliza darasa la nane, wanaoandika mwandiko unaosomeka na kuendesha baiskeli. Nilipewa ubao wa kupimia wenye rula iliyochongwa, mizani ya kuning'iniza, kisu kidogo, na fomu. Siku nne kwa wiki nilipaswa kutoka kituoni, maili sita, hadi ufuo ulio karibu na mahali Kuja inapoingia ziwani. Pale nilikaa kwenye banda la samaki na kungoja mitumbwi. Katika kila mitumbwi mitatu nilichagua mmoja. Nilihesabu samaki wake, nikawatenga kwa aina, nikawapima kutoka mdomo hadi mkia, nikawapasua wachache kuona nani ana mayai na nani hana. Basi. Hiyo ndiyo kazi. Watu wa Birongo walipouliza ninafanya nini nilisema nafanya kazi ya Serikali, maana nani angeamini kwamba mtu analipwa kupima mkia?

Lakini niliipenda. Ningependa ujue hilo kabla ya mengine. Niliipenda kama wewe ulivyopenda siku ile ulipokuwa na miaka saba, ukachukua wembe wangu, ukampasua samaki wa mama yako, ngege, juu ya jalada la daftari, ukahesabu mayai kwa ncha ya sindano, na mama yako anagonga mwiko kwenye sufuria anakuuliza, “Tutakula hesabu?” Nilikuona mgongo tu, umeinama. Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Hukujua kwa nini.

Mama yako nilimpata pale bandani. Alikuwa akikausha samaki kwa moshi pamoja na mama yake, na alikuwa akinitazama nikiandika. Siku ya tatu au ya nne akaja akasimama nyuma yangu. “Hao umewaweka pamoja,” akasema, “na si wamoja.” Nilikuwa na fungu la fulu, vile visamaki vidogo, nimewaandika wote kwa jina moja. Akachukua mmoja. “Huyu mtazame mdomo. Huyu anakula konokono. Na huyu anakula wenzake. Wewe husomi?” Alivyosema “husomi” alimaanisha samaki, si vitabu. Kwa Kiswahili kile kibovu tulichokuwa nacho sote wawili tulianza kuzungumza, na ndiyo maana mpaka leo nyumba yetu inaongea Kiswahili, na shangazi zako wanatucheka.

Mvuvi niliyemzoea zaidi aliitwa Owuor. Alikuwa na mtumbwi mmoja na maneno machache. Kazi yake ilikuwa ningu wakati wa masika, wanapokusanyika mlangoni mwa mto wakisubiri maji mapya ili wapande. Alinifundisha kuonja maji. Ndiyo, kuyaonja. Yakianza kuwa na ladha ya udongo wa juu, alisema, ningu wanajua kabla yetu. “Ni udongo wenu huo, omera, ndugu yangu,” aliniambia. “Samaki wanalijua shamba la baba yako.” Sijui mpaka leo kama ni kweli kwamba samaki hunusa mto wao. Mwulize mtu huko.

Sasa nifike.

Masika moja, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni, nilishikwa na homa kweli. Siku mbili sikuenda ufuoni. Mwisho wa mwezi fomu yangu ilikuwa na visanduku vitupu. Karani mkuu wa kituo akanirudishia. “Nyakundi, Serikali haipendi nafasi tupu.” Nikamwambia nilikuwa mgonjwa. Akasema, “Samaki walikuwa wagonjwa pia?” Wenzangu wakacheka. Nikaichukua fomu, nikaketi hotelini kwenye chai, nikatazama tarakimu za juma lililopita, nikaandika nyingine zinazofanana nazo. Ilichukua muda wa kikombe kimoja.

Kumbe ni rahisi hivyo.

Ile njia ya ufuoni wakati wa mvua ilikuwa udongo mweusi unaojaza tairi ya baiskeli mpaka haizunguki. Nilikuwa nikiibeba baiskeli begani maili mbili. Basi siku mbili za homa zikawa siku moja ya matope, kisha siku mbili za matope kila wiki. Mwaka wa pili nilikuwa naenda pengine mara moja kwa wiki, na siku nyingine zote nilivua samaki kwa kalamu. Na nilikuwa hodari! Sikuandika tarakimu zinazolingana. Niliweka siku mbaya hapa, siku nzuri pale, samaki mmoja mkubwa wa kushangaza mara moja kwa mwezi. Fomu zangu zilikuwa safi kuliko za wenzangu wote, hazikuwa na doa la tope. Nilipata barua ya pongezi. Nilimsomea mama yako, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Jumanne umeandika ngege wangapi?” Nikamtajia. Akasema, “Jumanne ziwa lilichafuka. Hakuna aliyeingia majini.” Akaendelea kukunyonyesha.

Hata hapo sikuacha.

Miaka ileile watu wengine walikuja na nyavu ndefu, wakazitanda mlangoni mwa mto, ukingo kwa ukingo, masika yote. Ningu wakija kupanda wanakwama wote na mayai yao tumboni. Owuor na wenzake waliona samaki wakipungua, wakaandika ombi kwamba nyavu zile zizuiwe wakati wa mvua. Baraza likaitishwa pale ufuoni. Ofisa mmoja akaja na makaratasi. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, maana ndimi niliyembebea mkoba.

Akawasomea. Mwaka juzi ningu kiasi hiki, mwaka jana kiasi hiki, mwaka huu kiasi hiki. Hakuna kupungua. Zilikuwa tarakimu zangu. Nilizitambua moja moja, kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani.

Owuor akasimama. Hakupaza sauti. “Hao samaki,” akauliza, “alivua nani?”

Ofisa akasema, “Mzee, hizi ni takwimu.”

“Nimesikia. Nauliza alivua nani. Sisi sote tuko hapa. Aliyewavua ainue mkono.”

Hakuna aliyeinua mkono. Watu wakanigeukia mimi, mmoja mmoja, kwa sababu wote walijua nani huandika. Kwamboka, nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ndefu. Nilisikia ndege, nilisikia mtoto analia mahali. Nikatazama kamba za viatu vyangu. Kisha ofisa akafunga mkoba, akashukuru watu kwa kufika, na nyavu zikabaki pale masika ile na iliyofuata.

Kuandika uongo nilikuwa nimezoea. Kile kimya sijakizoea mpaka leo hii ninapoandika.

Bwana Mwakio alikuja kituoni baada ya hapo. Alikuwa kijana wa Taita, rika langu, ametoka masomoni ng'ambo, daktari wa samaki. Watu waliposikia daktari walimletea watoto wenye kikohozi, naye akawaeleza kwa adabu, kisha akawapakia kwenye gari lake akawapeleka zahanati. Alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza kila kitu, hata wapishi. Alizichukua fomu zangu akakaa nazo siku tatu, akaniambia, “Nyakundi, samaki wako ni wa ajabu. Hawafanani na wa mtu mwingine yeyote ziwani. Nataka kujua kwa nini.” Alikuwa na macho ya mtu aliyefurahi. Alidhani amegundua kitu.

Hilo ndilo lililonishinda. Kama angenishuku ningejitetea. Nilikwenda nyumbani, mama yako akanitazama, akasema neno moja tu: “Mwambie.”

Kesho yake asubuhi nikamwambia. Hakupiga meza. Alitoa kabatini fomu zangu zote, miaka yote, akaziweka mbele yangu na penseli nyekundu. “Basi,” akasema, “tuokoe tunachoweza. Zile za uongo zipige mstari.”

Nikaanza. Hii ya uongo. Hii ya uongo. Hii... nikasita. Hii ilikuwa siku niliyokwenda au siku niliyokaa hotelini? Nilizifanya zifanane kwa ustadi mkubwa mno, mwanangu. Mwandiko ni uleule, wino ni uleule. Kufika mchana nilikuwa nimepiga mstari fomu nisizokuwa na hakika nazo, na kuacha nyingine nisizokuwa na hakika nazo vilevile. Mwakio alikuwa ameketi ng'ambo ya meza akinitazama. Mwishowe akanyoosha mkono akachukua penseli.

“Tuache,” akasema. “Zote haziwezi kutumika.”

“Hata za mwanzo? Miaka ya kwanza nilikwenda kila siku. Nakuapia.”

“Nakuamini. Lakini mtu wa baada yangu ataaminije?”

Asubuhi zote zile za mwanzo, mikono inanuka samaki, mama yako nyuma yangu ananionyesha midomo ya fulu, zilikwenda pamoja na za uongo. Nililia hapo, si pale aliponiambia kazi imekwisha.

Tulihamia huku Masimba wewe ukiwa na miaka minne. Watu wa Birongo waliuliza, nikasema malaria. Wakaamini, maana nani hakujua mbu wa ziwani? Ukakua, ukaamini nawe. Nikafungua duka la majembe na mbegu. Uliponiuliza kwa nini samaki halali akifumba macho, nilikujibu “sijui” nikaendelea kupima misumari, nawe ukanuna. Nilikuwa najua kidogo. Niliogopa tu kwamba nikianza kusema sitanyamaza.

Bwana Mwakio akikutazama kwa namna yoyote huko, sasa unajua sababu. Usinitetee. Na kama kuna siku utakosa kwenda baharini kwa sababu ya mvua, au homa, au kwa sababu tu umechoka, acha kisanduku kiwe kitupu. Watakugombeza. Mimi nimegombezwa kwa yote mawili, na gombezo la nafasi tupu linakwisha.

Limebaki moja, na sijamweleza mtu ila mama yako.

Siku mbili kabla hatujahama nilikwenda kwa Owuor. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduliwa mchangani, na yeye ameketi kivulini mwake akishona wavu. Nikamwambia yote, nimesimama. Hakuacha kushona. Nilipomaliza akasema, “Kesho kabla ya jua, njoo.”

Nilikwenda. Tukapiga makasia mpaka mlangoni mwa mto. Zile nyavu ndefu zilikuwa pale na maboya yake, tukazizunguka. Ilikuwa masika, maji yamegeuka rangi. Nikayaonja, yalikuwa udongo mtupu. Wakati kama ule, miaka mitano nyuma, angejaza mtumbwi. Akatupa wavu wake, tukangoja, tukavuta. Akatupa tena. Jua likapanda. Aliporudisha wavu mara ya mwisho walikuwamo samaki watatu tu ndani ya mtumbwi, mmoja ana mayai.

“Andika,” akasema.

Nikamwambia sina kazi tena, sina fomu.

“Andika.”

Nilikuwa na pakiti tupu ya sigara mfukoni. Nikaipasua, nikaandika ndani yake: ningu watatu. Nikawapima kwa shibiri, nikaandika na hilo. Akaichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu ingawa hakujua kusoma, akaitia chini ya kofia yake. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Baadaye nilisikia kwa mjomba wako kwamba karani mpya alikwenda kila siku, na baada ya muda nyavu zile zikazuiwa masika. Owuor alikuwa ameshaondoka kwenda kukata miwa Muhoroni. Ningu kama walirudi, sijui. Nimetamani kwenda kutazama miaka yote hii.

Nakusikia nje. Unamwambia mama yako shangazi wamekupa kuku mzima, naye anakuuliza kuku atakaa wapi ndani ya gari moshi.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye sanduku lako, chini ya nguo, uisome ukiwa mbali nami. Naona huo nao ungekuwa ujanja wa kutazama kamba za viatu. Nitakuita sasa, nikupe mkononi, nami nitaketi papa hapa kwenye benchi la duka usome mpaka mwisho. Huko kwenye bahari, ambayo sijawahi kuiona, wanasema maji huondoka kila siku na kurudi yenyewe; utaniandikia hilo baadaye. Kwanza maliza kusoma, Kwamboka, kisha uniulize lolote. Sitasema sijui kama najua.

Baba yako,
Nyakundi